Sauti ya Mama Kwenye Rundo la Kelele

Dada yangu tunamwita Masikio, na si kwa ukubwa wa masikio yake, maana nikisema hivyo atanichapa. Kazi yake ni kusikiliza. Ofisini kwao huletwa sauti za watu chungu nzima, zilizorekodiwa jikoni, sokoni, barabarani, za kufundishia kompyuta ielewe maneno. Mbovu zikichanganyika na nzuri, kompyuta inajifunza upuuzi. Basi kila sauti husikilizwa na watu watatu, kila mtu kivyake, na kila mmoja anaandika alichosikia. Wawili wakiafikiana, jibu lao ndilo linalobaki. Wa tatu anahesabiwa kakosea.

Mpango mzuri, sikatai. Ila mama yetu alipigwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito, na dunia nzima aliyemwelewa ni Dada peke yake. Hata mimi kitinda mimba wake nilikuwa naitikia tu, "Ndiyo, mama," na sijaambulia kitu.

Dada alitaka jambo moja: simu ijifunze kumwelewa mama, ili akibaki peke yake mchana aweze kuita msaada. Mama akakubali kurekodiwa. Alikuwa akisoma sentensi zake polepole, akikwama anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sauti zikapelekwa ofisini. Dada akaandika kila neno, wenzake wawili wakaandika "kelele". Zikatupwa zote.

"Si uwaambie waandike kama wewe!" nikamfokea.

"Watakuwa wameandika wasichosikia, mdogo wangu. Hiyo kompyuta itamfaa nani?"

Nikasonya. Uaminifu gani huo, jamani, usiomjali hata mzazi?

Mchana mmoja mama alianguka bafuni akiwa peke yake, simu ikiwa mfukoni. Tulimkuta mwili umeshapoa. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Dada hakulia, alikaa kitandani akikunja kanga za mama, anazikunjua, anazikunja tena.

Aliporudi kazini akavaa hedifoni zake kama kawaida. Sauti ambazo simu zimeshindwa kuzielewa hurudishwa kwao zisikilizwe, na ya mama ilikuwemo.

"Niitie wanangu. Nimeanguka."

"Samahani, sijakuelewa," simu ikajibu.

Mama akarudia, polepole zaidi, neno moja moja. Akarudia tena.

Dada akaandika yote kama alivyoyasikia. Wenzake walikuwa wameshaisikiliza. Kompyuta ikamwambia amekosea, ikamletea sauti nyingine.