Kokoto za Mama na Kazi ya Mume Wangu

Habari admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka 24, nimeishia kidato cha nne na nina miezi minne tu kwenye ndoa. Tunaishi Somanda, Bariadi. Jamani, nimempata mwanaume! Akichelewa kurudi dakika kumi tu, nimeshasimama mlangoni. Ni fundi ujenzi, na mikono yake migumu hiyo naipenda.

Siku ya harusi yetu alishika maiki kijijini kwetu Maswa akasema, "Reli ikifika hapa, makalavati ya kupitishia maji chini yake tutajenga sisi, na kokoto zitatoka kwenye mlima wenu." Watu wakapiga vigelegele. Mama yangu aliamini kuliko wote. Kila akitoka kwenye shamba la pamba anagonga mawe kwa nyundo, kokoto anazirundika pale reli itakapopita, mpaka kucha mbili zimeng'oka.

Kumbe mkataba wa mkopo wa kujengea reli ulishaamua. Mume wangu alipopeleka barua ya kuomba kazi hiyo akaambiwa nchi iliyotoa hela ndiyo inayoleta mkandarasi, naye anakuja na mashine yake ya kusaga mawe. Alirudi mnyonge, akaniambia, "Mke wangu, hata nondo zinatoka kwao. Sisi wametubakizia jasho tu." Nilimkumbatia tukalia wote.

Wiki iliyopita mkandarasi huyohuyo akampa kazi ya unyapara. Tukaenda kumwambia mama. Kwetu Wasukuma mama mkwe haongei na mkwe wake ana kwa ana, kwa hiyo mama alikaa jiko la nyuma, mume wangu uani mbele, mimi nikawa napeleka maneno.

Mama akasema, "Mwambie mwenzio, waliokataa mawe yangu asiwafanyie kazi. Akienda, hapa asikanyage."

Nikatoka nikamwambia mume wangu, "Mama anakutakia heri."

Alifurahi jamani! "Mwambie mayu, mama yetu, namshukuru sana. Mshahara wa kwanza, kitenge chake."

Nikarudi jikoni nikasema, "Mama, amesema hataenda."

Mama akafuta machozi kwa kanga. "Basi umepata mume, mwanangu."

Jumatatu anaanza. Atasimamia vijana wakimwaga kokoto za mashine, hatua chache tu kutoka kwenye rundo la mama. Nikimwambia ukweli ataacha kazi, namjua, na nyingine hana. Nikinyamaza, mama atamwona mwenyewe na kofia ya njano kichwani, na atajua aliyemdanganya ni mimi niliyetoka tumboni mwake.

Ndugu zangu, msinitukane, niambieni tu. Nianze kwa nani, na nimwambie nini?