Roboti Yenye Mguu wa Beseni

Mwaka wa 1983, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa na taabu yangu ikaanza. Nisingeandika habari hizi kama mjukuu wangu hangekuja hapa kwangu Kiminini likizo hii na boksi la roboti ya kuunganisha. Alitandaza vipande vya plastiki juu ya meza yangu ya kulia, akafungua gundi, na ile harufu ikanipiga puani. Ni harufu kali, tena tamu kidogo, kama ya rangi ya kucha. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Mtu wa umri wangu halii mbele ya mtoto kwa sababu ya gundi.

Sasa mjue kwamba mimi shule niliachia darasa la nne. Sitawapamba maneno. Nitasema vile ilikuwa.

Baba alikuwa mtu wa Matulo, kibarua kwenye kiwanda cha karatasi pale Webuye. Mama na mimi tulikaa Kitale, chumba kimoja cha kukodi nyuma ya soko, kwa sababu Mama alikuwa na kazi ya nyumba kwa familia ya wageni upande wa Milimani. Hao wageni walikuwa na mtoto mmoja wa kiume mwenye vitu vingi kuliko siku za kuvichezea. Aliletewa roboti kutoka ng'ambo, akakata vipande viwili vitatu, akachoka. Mwenye nyumba akamwambia Mama achukue au atupe. Mama akaja nayo jioni, imefungwa kwa leso pamoja na mabaki ya mkate.

Nikifunga macho bado naliona lile boksi. Juu kulikuwa na picha ya roboti amesimama juu ya mlima, mabega mapana kama ya fahali wa kupigana, pembe mbili nyembamba kichwani. Ndani hakukuwa na roboti. Kulikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na vipande vidogo vidogo vimeshikilia hizo fremu kama maharagwe kwenye mti wake. Kila kidole kilikuwa kipande chake. Kifua kilikuwa kinafunguka kama mlango, na ndani ya kifua kulikuwa na kiti, na juu ya kiti akae mtu mdogo asiyezidi punje ya mahindi. Karatasi ya maelezo iliandikwa kwa maandishi ambayo hata mwalimu wetu aliyageuza juu chini, akarudisha. Lakini kulikuwa na michoro na mishale, na mshale hauhitaji shule.

Nilikuwa nimemaliza kichwa tu wakati habari ilikuja kwamba kifua kimemshinda Baba. Tulienda Matulo, tukazika.

Kwetu Wabukusu, siku chache baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa nywele. Jamaa wote wananyolewa, halafu wazee wanakaa na kuamua mambo ya marehemu mbele ya watu: nani alimdai, ng'ombe ni wa nani, watoto wataenda wapi. Neno likitoka siku hiyo limetoka. Mimi nilikuwa nje na watoto wenzangu, kichwa kinang'aa, sikusikia kitu. Yaliyosemwa niliambiwa na Baba mdogo Simiyu mwenyewe, ndugu ya baba yangu, nilipokuwa mtu mzima.

Mzee mmoja alisema, "Huyu kijana ni wetu. Mwaka ujao ni wa tohara. Atatahiriwa huko Kitale kwa ploti ya kukodi, kama mtu hana kwao?"

"Sijakataa," Mama akajibu. "Lakini ameanza kazi na hajaimaliza. Ama mnataka kijana wa kuacha kazi katikati?"

"Kazi gani mtoto kama huyo?"

"Anaunda mtu wa plastiki."

Waombolezaji wakacheka mpaka wakakumbuka wako matangani. Baba mdogo akapangusa macho. "Mtu wa plastiki! Si hiyo ni kazi ya wiki moja? Haya, shemeji. Siku hiyo kitu itasimama kwa miguu yake, mimi nakuja kuchukua kijana."

Wazee wakaitikia. Shauri likawa limekatwa. Nyinyi mnajua sasa, mimi sikujua. Mama hakuniambia hata neno moja.

Tulirudi Kitale na kazi ikaendelea. Nilikata vipande kwa wembe, nikasugua makovu ya plastiki kwa kipande cha msasa, na Mama akashika vile vidogo kabisa kwa kibanio chake cha nywele. Alikuwa na vidole vyembamba vya mtu wa kusuka. Chumba kilinuka mafuta ya taa, sukuma wiki na ile gundi. Lakini niseme ukweli, nilimwona Mama mzito sana wa kazi. Nikibandika bega, anasema likauke mpaka Jumapili. Jumapili ikifika anasema bado anasikia unyevu. Akiona nimekasirika ananiambia, "Gundi haina haraka, wewe una haraka gani?" Mara nyingine aliweka roboti juu kabisa ya rafu ya sufuria, nisiifikie, akaenda kazini.

Na Baba mdogo alikuwa anakuja. Mrefu, koti kubwa jua na mvua, mkononi kuku au mkungu wa ndizi. Alikuwa anainama mlangoni na kuniuliza kabla ya salamu, "Imesimama?"

"Bado, Baba mdogo."

Anakaa, anakunywa chai, anauliza habari za shule, anarudi Matulo. Hakusukuma mtu. Alikuwa ametoa neno na alilishika. Mimi nilidhani anapenda roboti. Niliona huyu ndiye mtu peke yake katika ukoo mwenye akili ya mashine, na nikatamani kumfurahisha.

Krismasi ikapita. Mvua ikaja, mahindi yakapandwa. Ikabaki mguu mmoja tu, ule wa kushoto, sehemu ya kukanyagia. Siku ya kuubandika nikaangalia kwenye boksi, haupo. Nikamwaga boksi lote kitandani. Haupo. Mama alinisaidia kutafuta. Alifagia uvunguni, akainua mkeka, akakung'uta blanketi, akaenda hata kupekua gunia la makaa la jirani yetu, Mama Njeri. Mwishowe akakaa chini.

"Basi umepotea," akasema. "Tutaomba wale wageni waandikie watu wa ng'ambo, watume ingine."

"Itachukua muda gani?"

"Ng'ambo ni mbali."

Baba mdogo alipokuja nikamwambia imebaki mguu mmoja na umepotea. Akamwangalia Mama. Mama alikuwa anapuliza moto. "Pole," akasema Baba mdogo. "Basi ngojea mguu."

Mimi si mtu wa kungojea. Nilizaliwa hivyo na nitakufa hivyo. Mama Njeri alikuwa na beseni la buluu lililopasuka, nikamwomba kipande nikate mguu kwa msumari wa moto. Alikataa. Akalichukua beseni zima akaficha ndani kwake, na akanifokea, "Wachana na hiyo kitu, mwana! Utachoma ploti ya wenyewe!" Nikaona ni uchoyo wa mama mzee. Alipolitupa kwenye shimo la takataka wiki iliyofuata, nikaingia shimoni nikalitoa.

Kila siku Mama akiwa Milimani nilikuwa napasha msumari kwenye jiko na kukata plastiki. Nilitumia mguu wa kulia kama kielelezo, na kwa hivyo wa kwanza ulitoka mguu wa kulia tena. Nilicheka peke yangu kama mjinga. Wa pili niliugeuza akilini kwanza, halafu nikakata. Niliunguza kidole gumba, na alama iko hapa mpaka leo. Ndani ya mguu nilifungia nati ya baiskeli, uwe na uzito. Nikauficha, kwa sababu nilitaka kumshangaza Mama na Baba mdogo pamoja.

Ilikuwa Jumamosi, Julai. Baba mdogo amekaa kwenye kitanda, Mama anamimina chai. Nikasema mfunge macho. Nikabandika, nikaweka roboti juu ya kiti, nikaachilia. Ilisimama. Mguu mmoja kijivu, mmoja buluu, pembe juu, kifua mbele, wima kama askari wa bendera.

"Baba mdogo! Imesimama!"

Hakuna aliyepiga makofi. Baba mdogo hakuangalia roboti sana. Alimwangalia Mama.

"Hiyo mguu si yake," Mama akasema polepole. "Ni ya beseni."

"Shemeji, imesimama."

"Rangi si moja. Angalia. Hata rangi si moja."

"Shemeji," akasema tena, kwa upole.

Mama aliweka birika chini. Akasema, "Kunywa chai yako, nikunje nguo zake." Akakunja. Shati mbili, suruali ya shule, sweta. Hakulia. Mikono yake ilikwenda haraka, yeye ambaye gundi yake haikukauka mwaka mzima.

Nikauliza, "Kwani si nzuri?" Baba mdogo akaniwekea mkono juu ya kichwa. "Ni kazi ya mwanaume," akasema. Tangu Baba azikwe, hakuna mwanaume alikuwa amenisifu. Niseme bila aibu: nilitoka kwa ule mlango nikitabasamu.

Agosti nilitahiriwa Matulo, kwa baba yangu, na sikupepesa jicho. Mama alikuja, akasimama na wanawake wengine, akaimba na kurudi Kitale kazini. Roboti niliwapa watoto wa Baba mdogo maana mtu aliyetoka jandoni hachezi na vitu hivyo; waliimaliza siku moja. Shule iliisha pia. Kulikuwa na ng'ombe wa kuchungwa, halafu miwa ya kukata, halafu nikaenda Bungoma kujifunza kuchomelea vyuma. Kila mara nilipomfikiria Mama niliona ile mikono ikikunja nguo haraka. Nilijiambia, alikuwa amechoka kulisha mtoto peke yake, akapata mtu wa kumpa. Nilikwenda kumwona, ndiyo, lakini nilikaa kama mgeni, na kuaga kama mgeni. Yeye naye hakujieleza. Pengine aliona ni mambo yaliyopita.

Alikufa kwa presha ghafla, nikiwa bado fundi wa kuajiriwa. Tukamleta Matulo alazwe karibu na Baba. Mama Njeri alikuja mazishini, amezeeka, shuka mabegani. Akanitafuta kati ya watu.

"Wewe si ndio yule fundi wa mguu?"

Nikamwambia ndio mimi.

"Ule mwingine ulikuwa kwangu," akasema. "Ndani ya kopo ya chumvi. Mama yako aliniletea asubuhi moja, akaniambia, Mama Njeri, ficha hii, hata akilia usimpe. Siku huu mguu utapatikana, watanichukulia mtoto."

"Na uliniona nikitengeneza ingine?"

"Nilikuona, mwana. Ningekuambia nini? Nilikuficha beseni, ukaenda kuitoa kwa takataka!" Akacheka, akakumbuka tuko wapi, akaziba mdomo kwa shuka. "Siku ile ulienda alikuja kwangu, akakaa juu ya gunia ya makaa mpaka nguo ikawa nyeusi. Hakutaka chai. Alisema tu, ako na mikono mizuri huyu mtoto."

Nilimuuliza lile kopo liko wapi. Alisema lilipotea walipohama. Ni usiku ule ndipo Baba mdogo aliniambia lile neno la siku ya kunyoa nywele.

Nimefikiri jambo hili nikichomelea milango ya watu, nikilala, nikikaa kanisani. Mwanamke alisimama peke yake mbele ya wazee wa ukoo mzima akawashinda kwa kitu cha plastiki, na angeendelea kuwashinda. Mtoto mvivu kidogo angekaa na mama yake. Mimi nilikuwa hodari. Watu wananisifu kwa mikono hii tangu ujana, wananialika niwaambie vijana vile nilianza bila kitu, nami naenda na nasema. Hiyo sehemu ya gundi huwa siisemi.

Leo niko na ekari nne hapa Kiminini, hati ya shamba iko kwa jina langu. Karakana ya kuchomelea, na vijana sita ninaowalipa. Mashine ya kusaga unga. Pikapu moja, nzee lakini inatembea. Ng'ombe watatu wa maziwa. Nyumba ya mawe ya vyumba vitano, niliyoanza kuchimba msingi wake mwaka mmoja baada ya kumzika Mama. Picha yake sina. Hakuna aliyewahi kumpiga hata moja.