Taja Aliyekupa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka shavu hunichoma ingawa hakuna aliyenipiga. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza chuo kikuu, kinywa kimejaa Kifaransa na kichwa kimevimba kidogo. Kulikuwa na harusi hapa mtaani kwetu Buyenzi. Ilikuwa alasiri ya hina, wanawake wamejaa uani, bibi arusi amekaa mkekani na mikono ameinyoosha, ngoma zimekwisha kupashwa moto. Mwimbishaji wetu, Bi Zaituni binti Selemani, alikuwa ndani anasali. Watu walichoka kungoja. Nikasimama mimi na kuuanza wimbo wa hina kwa sauti ile niliyojisifia. Sijamaliza ubeti wa kwanza, mkono ukatua juu ya ngoma, ngoma ikanyamaza.

Ulikuwa mkono wa Bi Zaituni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sura, na uani pote hakuna aliyethubutu kukohoa.

"We mutoto, hii wimbo uliiokota mu barabara?"

"Apana, Bibi. Ni wewe ulinipatia."

"Basi sema. Na mi nilipewa na nani?"

Nilijua. Kila binti aliyefundishwa naye alijua. Bi Zaituni hakukupa wimbo mpaka umsomee kwanza ulikotoka, na ukiruka jina moja unarudi mwanzo. Na kabla ya kuuimba mbele ya watu ulipaswa kusema: nimepewa na Bi Zaituni binti Selemani, naye alipewa na shangazi yake, Bi Mgeni wa Rumonge, naye alipewa na Mwajuma aliyekuja kutoka Ujiji. Ndipo ngoma ilie. Desturi hiyo aliitoa madrasa, ambako mwalimu hakukusomea neno la Mtume bila kukutajia kwanza nani alilisikia kwa nani, mmoja baada ya mwingine. Bi Zaituni akaona kama inafaa kwa maneno makubwa yale, itafaa pia kwa nyimbo za wanawake wanaopaka hina. Nikayasema majina yote, machozi yananilengalenga, naye akaondoa mkono.

"Usinikasirikie," aliniambia baadaye tukiosha sahani. "Bi Mgeni alikufa bila mutoto. Mwajuma, hata kaburi yake hakuna anayeijua. Ukikata majina yao mu wimbo, unazani watabaki wapi?"

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wahenga gani, sijui. Nazipenda methali, utazisikia nyingi hapa, lakini hapo ndipo zinaponiudhi, kwamba zote zinakuja bila mwenyewe. Tuliache hilo kwanza, tutalirudia.

Nilipofika mwaka wa mwisho nikachagua kuandika tasnifu yangu juu ya nyimbo za harusi za Buyenzi. Kila asubuhi nilipanda kwa miguu kupitia Nyakabiga mpaka chuoni, na alasiri nikishuka kukaa uani kwa Bi Zaituni. Profesa aliyenisimamia alikuwa mtu makini, na sitamsingizia. Ni yeye aliyenifundisha kuzifunga sentensi za watu ndani ya alama za nukuu na kuandika ukurasa. Alinifundisha kwamba kubadilisha maneno mawili matatu katika fikra ya mwenzio hakuifanyi yako. Alinikataza kuweka katika orodha ya marejeo kitabu nisichokifungua. "Marejeo si mapambo," alikuwa akisema. Ninamshukuru mpaka leo, na ndiyo maana nilishangaa alipochukua kalamu yake na kuwakata wazee wangu wote.

Nilikuwa nimewaandika mwishoni, pamoja na vitabu. Zaituni binti Selemani, Buyenzi. Nyuma yake shangazi yake, na nyuma ya shangazi yake Mwajuma. Mstari mmoja wa wino ukapita juu yao.

"Mademoiselle, hawa si marejeo. Rejea ina mwandishi, ina kichwa, ina mchapishaji, ina mwaka, ina ukurasa. Huyu bibi ana ukurasa gani?"

Kisha akanipa makala ya mtafiti mmoja wa Ulaya aliyewahi kupita mjini kwetu. Nyimbo zilikuwa humo zote, zimepigwa chapa vizuri, na chini ya kila wimbo yameandikwa maneno mawili tu: mtunzi hajulikani. Profesa akasema nitaje makala hiyo, itatosha.

Nikaisoma usiku na mchana. Katika wimbo wa hina nikakuta mahali ambapo Bi Zaituni peke yake, katika Buyenzi nzima, hurudia neno mara mbili kwa sababu ndivyo shangazi yake alivyopenda. Lilikuwa limerudiwa mara mbili. Nikaenda kumwuliza.

"Ndiyo, alikuja," akasema, anachagua mchele, hata hakuinua macho. "Mutu muzuri. Alikunywa chai yangu, alikula na maandazi. Majina nilimupatia yote, na aliandika."

Shukrani ya punda ni mateke, mwanangu. Bi Zaituni mwenyewe hakukasirika. Nilikasirika mimi kwa niaba yake, kwa niaba ya shangazi yake, na kwa niaba ya Mwajuma asiye na kaburi. Maana nilielewa ninachoambiwa nifanye. Ninawajua wenye wimbo, nimekula nao, na ninaambiwa niandike kwamba hawajulikani, kisha niweke ukurasa na mwaka ili uongo huo uonekane umepigwa pasi.

Nikarudi kwa Profesa, nikamwambia nitaitaja makala, ukurasa kwa ukurasa, ila na wazee nitawaacha walipo. Akavua miwani. Akaniambia pole pole, bila ukali, na ule upole ndio ulionitisha, kwamba idara inatafuta asistenti mmoja wa kufundisha, na kwamba yeye amenifikiria mimi. Nikipata alama ya juu siku ya kutetea tasnifu mbele ya majaji, kazi ni yangu, na baada ya kazi kuna kwenda kusoma ng'ambo. Alama ya juu haiwezi kupewa tasnifu yenye marejeo ya uani. Nichague.

Usidhani nilikuwa jasiri. Sikulala. Kwetu hakuna aliyewahi kufundisha chuo kikuu, na mama yangu aliyekuwa akiuza vitenge sokoni alikwisha kuwaambia jirani zake wote. Nilipomweleza alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Majina ya wamama watatu," akasema. "Watatu, na wawili wako mu udongo. Utoe tu, upate kazi. Watakukasirikia aje?"

Nikamjibu kwamba aliye hai ataniuliza. Mama akasema Bi Zaituni hajui kusoma Kifaransa, hatajua. Hapo ndipo moyo wangu uligeuka, mwanangu. Alisema kwa kunipenda, lakini nilipolisikia neno lile nje ya kichwa changu niliona aibu, kwa kuwa lilikuwa limo kichwani mwangu mimi pia, siku nzima. Hatajua. Nikaamua kwamba kazi itakayosimama juu ya neno hilo siitaki.

Siku ya kutetea ikafika. Nilivaa kitenge kipya cha mama, ambaye alikuja akiwa amenuna. Bi Zaituni alikuja na wanawake wake, wakakaa nyuma, wamejitanda nguo zao za Idi. Mbele meza ya majaji, Profesa wangu kati yao. Nilizungumza vizuri, najua nilizungumza vizuri. Kisha jaji mmoja, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akafungua kurasa za mwisho na kuniuliza swali ambalo, kwa haki, ni swali zuri kuliko yote.

"Rejea ni ili msomaji aende akahakikishe mwenyewe. Mimi nikitaka kuhakikisha haya maneno yako, nitaenda wapi?"

"Utatoka kwa mlango huu, Bwana Jaji," nikamwambia. "Utashuka Nyakabiga, utavuka Bwiza, utaingia Buyenzi kwenye avenyu ya magereji, na fundi yeyote utakayemwuliza nyumba ya Bi Zaituni atakuonyesha. Utafika kwa miguu. Makala niliyoambiwa niitaje badala yake imewekwa Ulaya, na ukiifikia itakwambia mtunzi hajulikani. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Watu wakacheka. Jaji mwenyewe akacheka. Profesa wangu hakucheka.

"Mademoiselle, sayansi si harusi."

"Ndiyo, Profesa. Harusini kwetu, anayeimba bila kusema alipewa na nani anazimiwa ngoma. Nilidhani chuoni tungekuwa wakali zaidi."

Ukumbi ukapoa. Nilijua papo hapo kwamba nimeipoteza ile kazi. Nilihisi inatoka kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Profesa akaniuliza kwa mara ya mwisho, mbele ya watu wote, kama niko tayari kufanya sahihisho moja tu, kuondoa majina yale, kabla tasnifu haijawekwa maktaba.

"Apana," nikasema. Si "hapana" ya shuleni. Ile ya nyumbani.

Wakatoka kushauriana, wakarudi. Nilipasi. Nilipewa alama ya kutosha kupasi na si zaidi, na majina yakabaki, kwa kuwa yule mzee wa sauti ya kukwaruza alikataa kuweka sahihi kama yangeondolewa. Hilo niliambiwa baadaye. Kazi ya asistenti alipewa mwenzangu. Nimefundisha shule za sekondari maisha yangu yote, Nyakabiga kwanza kisha Mutakura, chaki mpaka kwenye nywele. Usiniulize kama iliniuma. Iliniuma sana. Mama alikaa muda mrefu bila kunizungumzia habari za chuo. Hasira nyingine ninayo mpaka sasa, na sitafuti dawa yake, kwa sababu ndiyo inayoninyoosha mgongo.

Lakini jambo moja nitakwambia. Tulipotoka nje siku ile, Bi Zaituni hakunipongeza wala hakunipa pole. Alinishika mkono, akauliza karatasi ile niliyoandika itakaa wapi. Nikamwambia maktaba, ndani ya nyumba, haitanyeshewa. Akatembea hatua kadhaa, kisha akasema, "Basi Mwajuma amepata nyumba." Hakuna asistenti aliyepewa mshahara wa namna hiyo.

Sasa nimestaafu, na nyinyi wanafunzi mnanijia nyumbani na kazi zenu niwasahihishie. Karibuni, mlango uko wazi. Juzi kaja binti mmoja wa Mutakura, mwerevu, ana orodha ya marejeo ndefu kama mstari wa watu wanaosubiri mafuta kwenye stesheni. Nikamwekea kidole juu ya kitabu kimoja.

"Hiki ulikishika?"

"Apana, Bibi. Ni telefone ilinipatia."

"Na telefone ilipewa na nani?"

Akakitafuta pale pale mbele yangu. Akatafuta tena. Kitabu hakikuwepo, na mwandishi wake hakuwahi kuzaliwa. Simu ilimtungia. Akaanza kulia, nikampa chai, na nikamwekea mkono juu ya ngoma kama nilivyowekewa mimi. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, hata kama mwongo wenyewe ni mashine inayojua kuandika mwaka na mchapishaji mahali pake.

Basi sikiliza. Ukichukua neno la mtu, taja mtu. Kama ni kitabu, kifungue kwanza, uandike ukurasa uliousoma, si ule uliotajwa na mwingine. Ukilikuta neno ndani ya kazi ya mtu wa pili, sema hivyo hivyo, nimelipata kwa fulani ambaye alilipata kwa fulani, wala usiruke katikati ukajifanya umefika kisimani. Weka marejeo yako tangu siku ya kwanza, maana anayeyatafuta mwisho ndiye anayeyatunga. Anayekutaka utumie nukta na mabano kwa namna fulani, mtii, hayo ni mambo ya nyumba yake. Lakini anayekutaka umfute aliyekupa kwa sababu hakuchapishwa, au kwa sababu ni maskini, au kwa sababu hatajua, huyo mkatalie. Mkatalie kwa adabu, umesimama, na uwe tayari kulipa. Utalipa. Sikudanganyi kwamba utalipwa wewe.

Na haya niliyokwambia, ukienda kumwambia mwenzio, nakukataza usiseme "wahenga walisema". Mimi si wahenga. Sema: nimepewa na Hadija binti Rajabu wa Buyenzi, naye alipewa na Bi Zaituni binti Selemani, naye alipewa na shangazi yake, Bi Mgeni wa Rumonge, naye alipewa na Mwajuma aliyekuja kutoka Ujiji. Rudia. Ukiruka jina, anza upya.

Vizuri. Mungu aupe wino wako ukweli, aipe shingo yako ugumu pale inapotakiwa, na siku jina lako litakapokuwa limebaki mdomoni mwa watu tu, akujalie mtoto wa mtu mwenye ukaidi wa kulitaja. Amina. Haya, sasa ngoma ilie.