Chai ya Desmond Kwenye Baa ya Noreen

Siku tuliyomzika kaka yangu Desmond, nilitoka makaburini nikaenda moja kwa moja maktaba kusoma habari za kakao.

Msishangae. Hata mimi sikushangaa.

Chozi halikuja. Mwili ulikuwa kama wa kuazima. Ndugu zetu wako ukumbini wanakula sandwichi za nyama, mimi niko na picha za enzi za Malkia Victoria.

Nilikuwa nachunguza mikahawa ya zamani hapa kwetu Burnley, Uingereza, ile waliyofungua watu wa kanisa ili wafanyakazi wa viwanda vya pamba waache kulewa. Kakao ya moto, mkate na siagi, magazeti ya bure. Pombe hata tone hakuna.

Jengo la mkahawa mmoja bado lipo. Siku hizi ni baa. Na ndiyo baa ambayo Desmond hakukosa kwenda kila mchana.

Ini lilimmaliza. Familia nzima tulijua nani wa kulaumiwa.

Wiki iliyofuata nikabeba kamera. Nilijiambia nakwenda kupiga picha vigae vya zamani. Wapi! Nilikwenda kumpasha mwenye baa, mama mmoja anaitwa Noreen.

Nikaingia. Wazee wanacheza domino dirishani. Sijafungua mdomo, mmoja wao akaropoka:

"He! Huyu si ndiye Avril wa kakao?"

Nikakauka.

"Mmenijuaje?"

"Tusikujue vipi, na sura hiyo ya kaka yako? Desmond katuchosha na wewe! Oh, dada yangu kagundua hapa palikuwa na chumba cha kusomea. Oh, dada yangu anasema walibandika maonyo kila ukuta, wafanyakazi wakachoka kuhubiriwa, wakarudi zao baa. Ukimwambia nyamaza, ndo kwanza anaanza upya!"

Wakacheka.

Hayo nilikuwa namsimulia kwenye simu kila Jumapili. Yeye anaguna tu, "mh", "mh." Nilidhani yuko chakari.

Noreen akatoka nyuma ya kaunta na birika.

"Kaa, mpenzi. Pole sana."

"Pole ya nini? Si wewe uliyekuwa unamuuzia?"

Akanimiminia chai taratibu.

"Zamani nilimuuzia, sikatai. Lakini tangu Pasaka ya mwaka juzi, Desmond hakugusa tena pombe humu. Ini lilikuwa limeshaharibika, daktari alimwambia wazi. Akaacha hivyo hivyo. Nyumbani peke yake alikuwa anaogopa kukaa, ndio maana anakuja hapa."

"Muongo wewe."

"Waulize hao."

Mzee wa domino hakuinua macho. "Chai tu. Na sukari anajaza mpaka kijiko kinasimama. Tulikuwa tunamtania."

Nikauliza kitu kimoja. Kwa nini hakuniambia mimi, dada yake wa tumbo moja?

Noreen akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Alisema kila alipoacha, mlimfanyia sherehe. Keki, hotuba, mama yenu analia kwa furaha. Akiteleza, anashindwa kurudi nyumbani kwa aibu. Safari hii alitaka aache bila kupigiwa makofi."

Nawaambia ukweli, hata hapo sikulia. Nikanywa ile chai. Haikuwa na ladha yoyote mdomoni.

Nikasimama niondoke. Yule mzee akavuta kiti kwa mguu.

"Unakwenda wapi? Desmond katuacha njiani. Ule mkahawa ulifungwa kwa sababu gani hasa?"

Nikakaa. Nikaanza kuwasimulia. Hakuna aliyeninyamazisha.

Sasa wewe unayesoma hapa, kama una ndugu anayepambana na mtungi, sikiliza. Sisi tulimpenda Desmond kwa kelele mpaka akajificha kwa watu baki ili apone. Usimpigie makofi, usimhubirie. Kaa naye. Akitaka kunyamaza, mwache anyamaze, ila wewe usiondoke.