Soksi za Msafiri

Anayesema Durban haina baridi hajalala kwenye fleti ya vigae mwezi wa Julai. Ni baridi ya unyevu, inapanda kutoka sakafuni na kuhamia kwenye mifupa, na sisi tuliotoka Tanga hatukuijulia dawa. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nikiishi na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, fundi cherehani, mgonjwa wa sukari, tena mbishi.

Nesi wa kliniki alimwambia wazi: miguu yako imekufa ganzi, usiipashe joto kwenye hita. Vaa soksi laini za joto, na kila jioni zivue uitazame miguu, la sivyo iko siku tutaikata. Mimi ndiye niliyemtafsiria, na sikupunguza neno.

Tukaenda sokoni Warwick Junction, kwa mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza soksi kwenye meza. Alitia mkono ndani ya soksi ya sufu, akaipanua tuione.

"Papa, hii iko laine, sufu ya kweli. Baridi haiwezi kuingia."

Baba mdogo aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kutafuta mshono, asiuone. "Kazi nzuri," akasema, akairudisha mezani.

Kilichomsumbua ni udhu. Sufu inapitisha maji, kwa hiyo kila sala ingebidi aivue na kuosha miguu kwa maji ya bomba, ambayo asubuhi yalikuwa ya baridi kuliko ya mtungi. Alitaka soksi za ngozi, zile ambazo ukizivaa ukiwa na udhu, sheria ya dini inakuruhusu kupaka maji kwa juu tu. Tulizipata dukani karibu na msikiti. Zilikuwa nyeusi, ngumu, na mshono mnene kisiginoni. Nikamwambia mshono ule utamchubua. Akasema hausikii kabisa. Nikamwambia hicho ndicho nesi anachokiogopa, lakini yeye keshazikumbatia.

"Basi jioni utazivua?"

"Anayezivua kila siku ni mwenyeji, mwanangu. Msafiri ana siku tatu, usiku na mchana."

"Msafiri ni nani?"

"Mimi."

Ulikuwa mwaka wake wa tano Durban. Ana kitanda cha futi tano, ana wateja mpaka Chatsworth.

"Msafiri gani ana kabati, baba mdogo?"

"Hata kesho naweza kuondoka," akasema.

Imamu asingemkubalia, na alilijua hilo, ndiyo maana hakumuuliza. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikasirika sana, na papo hapo nikamwonea huruma, kwa sababu kuzivua kila jioni kungekuwa kukiri kwamba hapa ndipo kwake.

Akazivaa hivyo karibu baridi yote. Kila zilipotimia siku tatu alizivua alfajiri bila kuwasha taa, akamimina maji miguuni, akazirudisha. Mimi nilikuwa bado nimelala. Halafu ikaja harufu. Nilidhani panya amefia nyuma ya cherehani, nikasogeza kila kitu nikitafuta. Mwishowe nikamlazimisha azivue mbele yangu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeoza. Alikiangalia kama cha mtu mwingine.

"Mbona hakiumi?" akauliza.

Hospitali waliukata mguu ule chini ya goti.

Aliporudi nyumbani alikataa kusaidiwa udhu. Alikaa kwenye stuli bafuni na kopo lake, nami nikasimama mlangoni. Akaosha uso, mikono, akapaka kichwa, akaosha mguu wa kulia mpaka juu ya kifundo. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, mkono ukahamia kushoto na kuinamisha kopo. Maji yakaanguka sakafuni. Alijua, nilimwona usoni kwamba amejua, lakini aliendelea kumimina taratibu mpaka kopo likaisha.