Suruali Nyeusi Iko Tayari

Darasani walimwita Subiri, na jina hilo hakulipata kwa uvumilivu. Mwaka uliopita, katika somo la kutengeneza programu na huduma za mtandaoni, ukurasa wake ulifunguka mbele ya wenzake ukiwa na neno moja tu, "Subiri", na kiduara kinachozunguka. Wenzake wakasubiri. Mhadhiri akasubiri, akatazama saa, akamwandikia sifuri huku kiduara bado kinazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Sasa alikuwa analirudia somo, na chuo hakimpi mtu nafasi ya tatu. Akianguka tena, anafungasha. Mama yake, fundi cherehani, alishamwonyesha kigoda chake kando ya meza ya pasi, kwa upendo wote.

"Usiwe na wasiwasi, baba," alimwambia. "Vifungo havijawahi kumfelisha mtu."

Sharti la mhadhiri lilikuwa kwamba huduma itumiwe na watu wa kweli, si wa kubuni. Subiri hakuwa na watu wa kweli wengine zaidi ya mama yake, basi akamtengenezea yeye: nguo ikiisha, fundi anabonyeza kitufe, mteja anapata ujumbe kwenye simu. Upande wa mbele, ule unaoonekana, aliumaliza upesi akaupaka rangi. Upande wa nyuma ndiko alikolilia. Ombi linatoka kwenye ukurasa, linafika kwenye seva, seva inaiuliza hifadhidata, na hifadhidata, kavu kama karani aliyekaribia saa ya kutoka, inajibu kwamba haijawahi kumsikia mtu huyo.

Ilipokubali, likazuka la majina. Mama hakuwajua wateja wake kwa majina. Aliwajua kwa miili. Kila furushi la kitambaa lilikuwa na jina lake: Mabega ya Kabati, Bega Moja Limechoka, Kitambi cha Juzi. Subiri akamsihi ampe majina ya heshima. Mama akamjibu kwamba majina ya kwenye vyeti yanafanana, vitambi havifanani, na kama hataki kuandika anavyoambiwa akatafute mama mwingine wa kumsumbua. Akaandika. Haikuwa na madhara, kwa kuwa majina yale aliyaona mama peke yake, na ujumbe wenyewe ulianza kwa "Ndugu mteja".

Asubuhi ya kuonyesha kazi, mwenzake mmoja, msichana waliyemwita Mabano kwa kuwa huona bano lililosahaulika akiwa bado mlangoni, alimnong'oneza kwamba mhadhiri hupenda ujumbe unaomwita mteja kwa jina. Subiri akabadilisha mstari mmoja tu. Kila anayeandika programu anajua kwamba mstari wa asubuhi ya mtihani ni wa shetani, na kila mmoja huubadilisha. Ulikubali bila kulalamika, naye akafurahi, asikumbuke ni majina gani yaliyolala mle ndani. Kisha akampigia mama simu kuuliza ni nguo gani iliyokwisha.

"Ile suruali nyeusi iko tayari," mama alisema, na nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia kama imeiba.

Zamu yake ilipofika, ukurasa ulifunguka. Darasa lilipiga makofi kwa hilo peke yake. Subiri akaichagua suruali nyeusi, akabonyeza kitufe. Simu ikatetemeka juu ya meza ya mhadhiri.

Namba ile ya simu mhadhiri aliwaficha wanafunzi wote kama siri ya ndoa. Kwa fundi wake aliiacha bila kutaja cheo, kama mteja yeyote. Alipoiona simu inawaka, uso ukamchangamka.

"Kumbe na mimi ni mteja," alisema. "Hii ndiyo huduma ya kweli." Akampa simu Mabano, aliyekaa mbele, awasomee wenzake.

Mabano aliusoma kwanza kimya kimya. Akamtazama Subiri kwa huruma, kama mtu anayetazama jeneza likipita. Kisha akasoma kwa sauti:

"Ndugu Makalio Yamehama, suruali yako iko tayari. Karibu uichukue."

Lililofuata halikuwa kicheko, lilikuwa msiba wa furaha. Kuna aliyeanguka kutoka kwenye kiti, na kuna aliyetoka nje akiwa amejishika tumbo. Mhadhiri akasimama wima, mgongo ukutani, akangoja watulie.

"Hili jina amelitoa nani?"

"Ni jina la kazi, mwalimu," Subiri alisema. "Ni la kuzuia suruali zisichanganyike."

"Twende kwa huyo fundi. Alama nitakupa hukohuko."

Wakaondoka, mhadhiri akitangulia. Subiri alitembea nyuma yake na kujikaza asitazame chini ya mkanda, maana kila alipotazama alimwona mama yake ana haki.

Walimkuta mama ana pini mdomoni. Mapajani alikuwa na suruali nyeusi, yenye mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa bado kitambaa mezani, umechorwa chaki.

"Niliambiwa iko tayari," mhadhiri alisema.

Mama akatema pini kiganjani. "Iko tayari, baba. Bado kushonwa tu."

Mhadhiri akautazama ule mguu mmoja. Akautoa ujumbe, akausoma upya polepole kama anayesahihisha mtihani.

"Basi katika maneno yote haya," alisema, "la kweli ni jina peke yake."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, na mhadhiri akashindwa kumwacha acheke peke yake. Alimpa Subiri alama ya kuvuka, ile ya mwisho kabisa, ambayo ukikohoa inadondoka. Akamwagiza aongeze kitufe cha pili, cha nguo ambayo fundi anasema iko tayari.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Subiri. Darasa lilikuwa limepata jina jingine la kunong'ona, na mwenye jina aliingia kila kipindi akatangulia kuketi.