Jina Aliloliacha Jandoni

Ukiniuliza kazi yangu nitakwambia natengeneza mifumo ya tovuti kwa PHP, nawe utatikisa kichwa kwa heshima, kisha utaniletea simu yako iliyopasuka kioo. Nimeshazoea. Hapa Mtwara ukishajulikana kuwa mtu wa kompyuta, basi printa zote za mtaa ni zako, na spika za msikiti ni zako pia. Mama mwenye nyumba wangu huko Mtawanya aliwahi kunigongea mlango asubuhi na mapema eti king'amuzi kimegoma. Nilichomoa waya, nikauchomeka tena, kikawaka. Heshima yote niliyonayo katika nyumba ile inatokana na king'amuzi kile, wala haina uhusiano wowote na PHP.

Kazi inayonilisha ni mfumo wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Sikuuandika mimi. Aliuandika mtu mmoja wa bara aliyepita hapa zamani, akamaliza, akaondoka, akaniachia mafaili yanayoitana ovyo: hili linaita lile, lile linaita jingine, na ukigusa moja linaanguka jingine ambalo hukulidhania. Katika PHP kila kitu hubebwa na neno linaloanza na alama ya dola. Kwa hiyo nashinda kutwa naandika dola, na bado chai nakopa kwa mama ntilie. Seva ikipandishwa toleo huko iliko, kesho yake nusu ya kurasa zetu zinafunguka nyeupe. Ukisahau nukta mkato moja, nyeupe. Nayapitia mafaili mstari kwa mstari, jasho linanitoka, feni imesimama kwa sababu umeme umekatika, na nje wakulima wanaambiana maneno ambayo sasa nayasikia hata nikilala: mfumo umegoma.

Hawajui kwamba mfumo ni mimi. Au labda wanajua, ndiyo maana wanasema kwa sauti.

Msimu mbaya kupita yote ulikuwa wa salfa. Mikorosho ikianza kutoa maua lazima ipulizwe dawa ya salfa, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, maua yanakauka, na mwaka mzima umekwisha. Maua hayamsubiri mtu. Salfa ilikuwa inatolewa kupitia mfumo: mkulima anatambuliwa, anapata ujumbe kwenye simu, anakwenda ghalani kuchukua mifuko yake. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mfumo unamtambua.

Hapo ndipo meneja, mtu mwema aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alipokuja mezani kwangu na agizo. Jina la mkulima kwenye mfumo lazima lifanane na jina la kwenye kitambulisho cha taifa. Lisipofanana, mfumo umkatae.

"Hilo litatuletea shida na wazee," nikamwambia.

"Shida gani? Mtu ana jina moja."

Nilijaribu kumweleza. Huku kwetu mtoto wa kiume huingia jandoni na jina moja akatoka na jingine. Lile la kwanza linabaki kule porini pamoja na utoto wake. Ukimwita mtu mzima kwa jina lile, umemwambia mbele za watu kwamba bado ni mtoto, hajafundwa, hana neno la kusema penye wanaume. Watu wamepigana kwa jambo hilo. Sasa wapo wazee ambao walipokwenda kuandikishwa vitambulisho karatasi pekee waliyokuwa nayo ilikuwa cheti cha shule ya msingi, na shule walianza kabla ya jando. Jina la kwenye kitambulisho ni lile la utoto. Kwenye chama wamejiandikisha kwa jina lao la utu uzima, ambalo ndilo kijiji kizima kinalijua.

Meneja alinisikiliza vizuri sana. "Basi wakabadilishe vitambulisho," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilikuwa nimechoka. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikaandika ile mistari: yasipofanana, kataa. Ilifanya kazi mara ya kwanza tu, jambo ambalo halinitokei kamwe nikiandika kitu cha maana.

Wiki hiyo hiyo mjomba wangu akaja ofisini. Ni kaka wa mama, analima korosho kijijini kwetu, upande wa mlango wa mto Ruvuma, na huku kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, yeye ndiye aliyenipa jina ninaloitwa mpaka leo. Alikuwa amevaa kanzu yake ya safari na kofia, uso umejaa vumbi la bodaboda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mikorosho yangu imetoa maua. Wale wa ghalani wanasema simo."

"Umo, mjomba. Kitambulisho ndicho kinachokukataa."

Akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka mezani kimefunikwa uso chini. Kwenye benchi nyuma yake walikuwa wanakijiji wenzake, na binti anayewahudumia wakulima dirishani alikuwa na tabia ya kuita watu kwa sauti ya mnadani.

"Pale dirishani wananiambia nilitaje," akasema taratibu. "Mbele ya hawa."

"Hutalitaja. Nipe mimi. Nitaliweka mwenyewe ndani ya kompyuta, hakuna atakayejua."

Mjomba si mtu wa kuomba. "Fanya," akasema. "Maua hayana subira. Lakini mimi nisilisikie."

"Hutalisikia, mjomba."

Nilisema hivyo nikiwa na hakika kabisa. Nilikipeleka kitambulisho chini ya meza, nikakisoma, nikajisikia aibu kukisoma, maana hata mimi sikuwa nalijua jina lile wala sikustahili kulijua. Nikafungua kanzidata, nikaweka jina la kitambulisho mahali pa jina. Mfumo ukamkubali. Nikamrudishia kitambulisho uso chini vilevile. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka, nami siku ile nilijiona nina faida duniani.

Siku chache baadaye mke wa mjomba akanipigia simu. Hakunisalimu.

"Mwanangu, umemfanya nini mjomba wako?"

Akanieleza. Salfa ilikuwa imefika ghalani, na mfumo ukatuma ujumbe kwa wahusika. Mjomba haoni vizuri herufi ndogo, kwa hiyo simu yake husomwa na mjukuu wake wa kike, anayesoma shule ya msingi na anajivunia kusoma kwa sauti. Siku hiyo nyumbani kulikuwa na wageni: kaka zake mke wa mjomba waliovuka mto kutoka Msumbiji kuja kuwasalimu. Ni mashemeji zake hao, na mashemeji huku kwetu wana ruhusa ya kutania bila mpaka. Simu ikalia, mtoto akaitwa, akasimama katikati ya uwanja, akasoma kama anavyofundishwa darasani. Habari, fulani. Lakini yeye hakusema fulani.

"Wa kwanza kuangusha kikombe ni kaka yangu mkubwa," mke wa mjomba akaniambia. "Kwa kucheka. Tangu jana wanamwita hivyo. Chakula hali."

Nilikata simu nikafungua mafaili. Lilikuwa pale, katika faili ambalo sikuwahi kuligusa, mstari ambao yule mtu wa bara aliuandika kwa upole wake ili wakulima wajisikie wanathaminiwa: habari, kisha dola, kisha jina. Jina lile lile nililoliingiza mimi. Lilikuwa linatumika kila mahali, kwenye ujumbe, kwenye risiti, kwenye tangazo la mkutano, na msimu mzima mjomba angeendelea kusalimiwa kwa jina la mtoto. Nililia. Mtu mzima, mbele ya kompyuta, kwa ajili ya neno moja lenye alama ya dola mbele yake.

Nikafuta jina kwenye salamu. Nikaandika "Ndugu mkulima" kwa wote. Kisha nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda kwenda kijijini.

Nilimkuta shambani, pampu ya salfa iko mgongoni, vumbi la njano limemjaa mpaka kwenye nyusi. Maua yalikuwa mazima. Hilo nililiona kwanza, na moyo wangu uliofadhaika ukajidanganya kwamba huenda hilo likatosha. Mashemeji zake walikuwa wamekaa pembeni kwenye kivuli na chupa ya chai, wakicheka pamoja na wanaume wengine wawili watatu wa kijiji.

"Shikamoo, mjomba."

Alizima pampu. Aliitua chini polepole. Akajifuta uso kwa kitambaa, akanitazama, akaniita.

Aliniita kwa jina langu la utoto. Lile nililoliacha jandoni nikiwa nimeshikwa mkono na yeye mwenyewe, jina ambalo mama yangu alifariki bila kulitamka tena. Alilitamka wazi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aliye karibu.

Wale wenye chai waliacha kucheka. Mmoja wa mashemeji aliinamisha kichwa chini.

Ningeweza kuondoka. Wengine wangeondoka. Lakini aliyeniita ni mjomba.

"Naam, mjomba," nikasema.

"Kachote maji. Watu wana kiu."

Nikachukua ndoo, mimi na shati langu la ofisini, nikateremka kisimani. Wanawake waliokuwa pale walinishangaa, wakanipisha. Nilipanda na ndoo, nikawagawia maji wanaume wote mmoja mmoja, wakubwa kwanza, kama mtoto anavyofundishwa. Mjomba alikunywa, akarudisha kikombe, akavaa pampu yake. Wale mashemeji, naambiwa, tangu siku hiyo hawakumtania kwa jina lile.

Mikorosho ya mjomba mwaka ule ilizaa vizuri. Korosho zake ziliondoka ghalani kwa malori kuelekea bandarini pamoja na za wengine, na mfumo ulimtumia ujumbe wake. Ndugu mkulima.

Juzi meneja alikuja tena mezani kwangu. Wakulima wanalalamika, akasema, ujumbe siku hizi ni baridi, hauwaiti watu kwa majina yao, wanahisi chama kimewasahau. Si nirudishe tu majina, ni jambo dogo. Nikamwambia ni jambo kubwa, lina mafaili mengi, litachukua muda. Aliniamini, kwa sababu kila kitu ninachomwambia huwa kinachukua muda.

Kijijini bado nakwenda. Mjomba ananipokea, ananiulizia kazi, ananipa mihogo ya kubeba mjini. Ananiita mpwa. Ananiita bwana mdogo. Akiwa mbali nami ananiita "wee", na mimi nakuja. Lile jina alilonipa yeye mwenyewe nilipotoka jandoni, watu wote wananiita kwalo, meneja, mama mwenye nyumba, hata binti wa dirishani kwa sauti yake ya mnadani. Mjomba hajaniita kwalo tena.